Upande wa Kulia

3 Februari

Mpwa wangu Mdadisi,

Natumaini u mzima na kazi inakwenda. Mimi sijambo, nakohoa tu vumbi la redio za watu. Nakuandikia barua kwa sababu simu siku hizi haina maana. Kila ukinipigia nakusikia kama umefunikwa mto. Sijui hawa watu wa mtandao wamefanya nini na laini zao.

Dereva wa lori la mbao atakuletea boksi. Ndani mna hedifoni tatu za aina moja, zile zilizofungwa nyuma zisizovujisha sauti, ila kila moja nimeifanyia ufundi wake. Yenye uzi mweupe sijaigusa, iko kama ilivyotoka dukani. Yenye uzi mwekundu nimeitandika sufi ndani ya vikombe. Yenye uzi mweusi nimeipaka udongo wa kufinyangia nyuma ya spika, ule wanaochezea watoto, nikaivisha na mito mipya ya ngozi. Ni kazi ya mpiga gitaa mmoja anayerekodi nyumbani kwake. Akiridhika ataniletea bendi nzima.

Zijaribu hapo kituoni kwenu, kwenye amplifaya kubwa ya studio na ile ndogo ya mezani, uniambie ipi inaoana na ipi. Hasa nyeusi isikilize vizuri. Naona upande wake wa kulia ni mnyonge, kama spika ya huko imeshakula chumvi nyingi. Wewe masikio yako bado mabichi.

Fundi cherehani wa chumba cha mbele anakusalimu. Bado anacheka kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Mjomba wako

*

15 Februari

Shikamoo mjomba,

Boksi limefika salama. Dereva alilikalisha mbele kama abiria. Mimi ni mzima, kazi ni ileile ya kuwarekebishia watangazaji vipaza sauti wanavyovitemea mate.

Nimezisikiliza zote. Nyeupe ina besi inayofurika kama uji, kila kitu kinaelea humo. Nyekundu imetulia, lakini sufi imemeza sauti za juu, matoazi yanasikika kama yamevikwa soksi. Nyeusi, mjomba, umeua. Gitaa limekaa mahali pake, unasikia mpaka kidole kikiteleza kwenye waya. Ila usiiunganishe na amplifaya kubwa. Ina nguvu kupita kiasi kwa hedifoni laini kama hizi. Ukigusa kitufe kidogo tu sauti inakurukia, na chini yake kuna mvumo. Ile ndogo ya mezani ndiyo mwenzake.

Kuhusu upande wa kulia, sikuona unyonge wowote. Nilimwita fundi mitambo wetu akaupima kwa kifaa chake. Kulia na kushoto ni pacha. Labda waya wako ulilegea ukakazika safarini.

Nazirudisha kwa dereva huyohuyo. Pumzika kidogo, unajua hujui kupumzika.

Mpwa wako

*

2 Machi

Mdadisi,

Marahaba. Nimezipokea. Huyo fundi wenu na kifaa chake wakapimane wenyewe.

Kulia bado ni mnyonge. Na sasa si nyeusi tu, ni zote tatu. Nimebadilisha waya, nimebadilisha plagi. Nimeziunganisha na amplifaya yangu ya zamani, kisha na nyingine niliyoazima kwa muuza kanda. Mambo ni yaleyale. Nadhani kiwanda kimetoa mzigo mbovu.

Jambo jingine ni mluzi. Upo mwembamba kabisa, kama birika linalokaribia kuchemka chumba cha pili. Mwanzo nilidhani ni amplifaya, nikaizima. Nikachomoa kila kitu ukutani, mluzi ukabaki. Sasa naishuku ile transfoma ya kwenye nguzo. Nimewaandikia watu wa umeme.

Fundi cherehani ananiambia natembea kama mtu aliyetoka kilabuni, na wewe unajua sinywi. Juzi nilijigonga kwenye fremu ya mlango ambao nimeupitia miaka yote. Uzee huo, mama. Fundi huyo akaniita mara kadhaa nisigeuke, akasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Wateja wake wakacheka. Mimi sikucheka, sijui kwa nini.

Mpiga gitaa anazihitaji, kwa hiyo nimepata njia. Nimetia rezista kwenye waya wa kushoto ili kupunguza sauti ya huko. Sasa pande zote ziko sawasawa.

Mjomba wako

*

9 Machi

Shikamoo mjomba,

Leo sina porojo. Umekula? Umelala vizuri? Sawa.

Nakuomba ufanye kitu kimoja. Chukua hedifoni yoyote kati ya zile. Ivae kinyume, kikombe cha kulia kiwe kwenye sikio la kushoto, na cha kushoto kiwe kwenye sikio la kulia. Weka wimbo wowote. Kisha niambie unyonge umehamia upande gani.

Usiniambie habari za kiwanda wala transfoma. Hilo tu.

Mpwa wako

*

20 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Najua nimekawia. Mvua zimekuwa nyingi, bati la chumba cha nyuma linavuja, nimeweka ndoo mbili. Fundi cherehani amepata kazi ya kushona sare za shule, cherehani yake haipumziki.

Mpiga gitaa alirudi. Aliziweka mezani taratibu, akasema, "Mzee, kushoto umekuua. Kulia ndiko kunakopiga peke yake." Nikazivaa mbele yake, nikasikia ziko sawa kabisa. Nikamwambia, "Sikiliza tena." Akaniambia hana haraka, nikizimaliza nimwite. Aliongea kwa upole sana. Afadhali angenifokea.

Nimeitoa ile rezista.

Mdomo wangu umeingia ganzi upande mmoja, nadhani ni jino. Chai inanidondoka kidogo.

Lile uliloniomba nimelifanya.

Mjomba wako

*

27 Aprili

Shikamoo mjomba,

Umelifanya, na hukuniambia jibu. Umeniandikia bati na ndoo. Basi nimelipata.

Nilimpigia fundi cherehani. Usimkasirikie, nilimbana mimi. Anasema unakaa na kiti kimegeuzwa ili wateja wawe kushoto kwako. Anasema umeanguka mara mbili, mara moja barabarani, na pikipiki ilikukosa kidogo tu. Anasema ulimwapisha asiniambie.

Mjomba, mimi sina baba mwingine. Wewe ndiye uliyenipakata nikiwa sijui hata kushika bisibisi, ukanifundisha kwamba kifaa kikilalamika unafuata waya mpaka mwisho, hurudi nyuma kwa kuogopa utakachokikuta. Umebadilisha hedifoni, waya, amplifaya. Kimebaki kitu kimoja hujakipeleka kwa fundi wake.

Nenda hospitali wiki hii. Fundi cherehani atakusindikiza, nimeshakubaliana naye. Nami naomba ruhusa kazini.

Mpwa wako

*

14 Mei

Mdadisi wangu,

Marahaba, mama. Huyo fundi cherehani wako ni askari. Alinifungia duka langu na ufunguo akautia kifuani.

Walinivisha hedifoni, zilizofungwa nyuma kama zangu, ila mito yake imechoka kweli. Nilitaka kumwambia binti wa vipimo kwamba zinavuja. Akaniambia, "Bonyeza kitufe kila ukisikia mlio." Kushoto nilibonyeza kama mtoto anayecheza. Kulia nikakaa. Nikakaa mpaka nikamuuliza, "Hujaanza?" Akasema, "Nimeshamaliza, babu."

Kisha wakanipiga picha ya kichwa. Daktari akanionyesha kivimbe kimekaa kwenye mshipa wa fahamu unaotoka sikioni kwenda kwenye ubongo. Si saratani, anasema, lakini kimekua sana na kinakandamiza pasipopaswa kukandamizwa. Nikamuuliza, "Nikikiacha?" Akasema, "Hakitakuacha wewe." Nikamuuliza kama sikio litarudi. Akasema hapana, hata hicho kidogo kilichobaki kitaondoka na kivimbe. Uso nao, hana hakika kama hautapooza.

Nikwambie ukweli sasa. Siku ile nilipovaa kinyume, nilikaa na wimbo ukacheza mpaka ukaisha. Unyonge haukuhama, ulibaki sikio langu la kulia. Nikazigeuza tena, nikazigeuza tena. Nilijua, mpwa wangu. Niliona nikikuandikia, itakuwa kweli.

Wamenipa tarehe ishirini na tisa nipasuliwe. Njoo wiki hiyo, usije mapema ukakaa kunitazama kama mgonjwa. Hedifoni nyeusi nimeimaliza na mpiga gitaa ameichukua. Nilimpa aipime mwenyewe. Akasema iko sawa pande zote, nami nimemwamini.

Mjomba wako

*

21 Mei

Mpwa wangu,

Haraka haraka. Jana nilitapika mchana kutwa na jicho la kulia halifungi. Daktari amesogeza tarehe, ni kesho asubuhi. Naandikia kitandani, samahani kwa mwandiko. Barua hii inaweza ikapishana nawe njiani.

Siogopi sana. Kidogo tu.

Mjomba wako

*

26 Mei

Shikamoo mjomba,

Nakuandikia kutoka kwenye benchi nje ya wodi yako. Barua ya mwisho ninayoambiwa ulinitumia sikuipata. Fundi cherehani ndiye aliyenipigia ukiwa umeshaingizwa ndani. Nimefika juzi na nguo nilizovaa kazini.

Wanasema upasuaji ulichukua muda mrefu kuliko walivyopanga. Kivimbe wamekitoa, chote isipokuwa kipande walichoogopa kukigusa. Lakini hujaamka kama walivyotarajia. Leo asubuhi uliusogeza mkono, na nesi alipokuita hukugeuka. Akaandika kwenye faili kwamba huitiki. Nilimuuliza alisimama upande gani. Akafikiri. Akasema kulia.

Nilimwomba daktari aniruhusu niingie. Amekubali, ila kwa muda mfupi, na amesema nisitarajie mengi. Fundi cherehani yuko hapa pembeni yangu, hajacheka tangu nimefika.

Barua hii nitaiacha chini ya mto wako, uisome ukiweza. Sasa wananiita. Naingia, nazunguka kitanda, nakaa kushoto, na nitakuita kwa sauti ya kawaida tu.

Mpwa wako