Kisufuria Chako Bado Kiko Zizini

Isili, Sardinia,
11 Oktoba 1987.

Mpendwa mdogo wangu Antioco,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, ambako mvua ya kwanza ilinyesha jana na vilima vimepotea kwenye ukungu. U hali gani huko Ubelgiji? Baridi haijakung'ata? Unakula, au bado unaishi kwa viazi vya kukaanga? Sisi ni wazima, na safari hii nalisema neno hilo kwa uzito wake, maana kitinda mimba wetu Bonaria naye yumo.

Ulipoondoka, mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Mama alisema ni jicho la hasidi, akamwita shangazi Peppina aje kuliagua kwa punje zake za ngano kwenye glasi ya maji. Kumbe ilikuwa shaba. Daktari wa Cagliari alitueleza kwamba shaba imo kidogo kidogo katika chakula cha kila mtu, ila ini la Bonaria halijui kuitoa, basi ikarundikana hadi ikapanda kichwani. Akampa vidonge vinavyoishika shaba na kuitoa kwa mkojo. Mchana akijilaza, nilikuwa nakaa kando yake na kuiona ikimtoka taratibu, nyekundu, kama maji ya mfereji jua linapozama. Sijui kama nilikuwa macho au nasinzia.

Sasa ucheke kidogo. Hebu fikiria mfua shaba wa Isili aambiwe shaba inamuua mwanawe. Baba hakusikiliza mengine. Aliteremsha sufuria zote ukutani, hata vile visufuria vitatu alivyotufulia tulipozaliwa, akazipeleka zizini kwa mjomba Bachisio. Nyundo ikanyamaza. Mama akawa anapika kwenye alumini huku akinung'unika kwamba mchuzi una ladha ya hospitali.

Hapo ndipo tulipokosea. Kuta zilipobaki tupu, tuliona shaba imekwisha. Bonaria alikuwa amepata nafuu, tena vidonge vile hunywewa kabla ya kula au kunywa kitu kingine, na unajua kwetu huwezi kuingia nyumba ya mtu ukakataa kahawa. Akaviacha kimya kimya. Baada ya Pasaka alikaa kukata kwa mkasi maua ya unga ya kupamba mkate wa harusi ya binti wa jirani. Mkasi ukamponyoka, ua likaharibika mbele ya wanawake wote. Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi.

Tukarudi Cagliari. Daktari akamgeukia Baba: "Mzee, sufuria zako hazina hatia. Hili kazaliwa nalo, kalipata kwako na kwa mama yake. Vidonge ni vya maisha." Tulipofika nyumbani Baba akawasha moto wa karakana.

Siku hizi Bonaria humeza vidonge vyake alfajiri, na kahawa ya watu husubiri. Mkono umetulia tena. Juzi alikata ndege na makomamanga kwenye unga kwa ncha ya mkasi, nami nikabaki namtazama kama niliye ndotoni.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Daktari anasema ndugu wa tumbo moja lazima wapimwe, hata wasipoumwa. Mimi nimepimwa, sina. Umebaki wewe. Uliniambia kwenye simu kwamba hutaki kutafuta ugonjwa usiokutafuta. Mdogo wangu, huu hauji na kelele. Naogopa, nakwambia waziwazi. Ukiwahi, vidonge vitakulinda. Ukichelewa, ini halisubiri. Bonaria kaniagiza niandike maneno yake kama yalivyo: "Mkate wa harusi yako nitaukata mimi, mbishi wewe. Ila kwanza katoe damu."

Mama anakusalimu. Shangazi Peppina anakuombea, ngano na maji tayari mezani. Mjomba Bachisio anauliza kama huko kuna jibini ya kweli.

Baba amerudisha sufuria ukutani, na kisufuria cha Bonaria, na changu. Msumari wako ameuacha mtupu, na kila asubuhi huugusa akipita kwenda karakana. Anasema chako atakwenda kukichukua zizini mwenyewe siku majibu yako yatakapofika, yawe mazuri, yawe mabaya.

Mungu akutangulie njia ya kwenda kwa daktari, na akurudishe kwetu.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Gesuina.