Mimba ya Mama Yako na ya Mujomba Saidi

Mujukuu wangu Zaina,

Nakusalimu kutoka Kabambare. Tuko wazima, mupunga umekomaa, na mama yako anafurahia mimba yako.

Uliniuliza sababu gani mujomba wako Saidi anachoka upesi tangu utoto, na mama yako iko na nguvu. Mimba ya Saidi niliibebea Lusangi, kwenye machimbo ya dhahabu. Chakula kilikuwa kidogo, nami nilibeba muchanga mpaka siku ya kuzaa. Alizaliwa mudogo sana.

Nilipopata mimba ya mama yako, mama mukwe alitoka huku kwa miguu, akanikuta na beseni kichwani. Akalitua.

“Njaa yako, mutoto anaisikia. Twende nyumbani.”

Babu yako alinung’unika, lakini mama yake alinishika mukono, tukaondoka. Kwake nilikula samaki na maharagwe, nikalala muchana bila haya.

Kwa Saidi sikujua, basi nimejisamehe. Lakini wewe umeandika kwamba unabeba magunia sokoni Kasongo na unakula mara moja kwa siku. Barabara ni mbaya, nami nimezeeka. Hata hivyo, Jumanne napanda pikipiki. Mwambie bwana yako nakuja kukaa mpaka uzae.

Koko yako,
Mwamini