Kilima Kinachotazama kwa Mama Luka

Jumapili, Julai. Kihesa.

Baridi ya leo inaingia hadi kwenye mifupa, na ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Nimejifunika blanketi, chai imepoa mezani. Jana nilirudi kutoka kijijini kwetu, Kilolo, na tangu nirudi sina raha.

Siumwi. Ni mkono wa mama Luka.

Kaka yangu Festo amefungwa Mbeya. Alimuua Luka, rafiki yake wa utotoni, kwenye ugomvi wa kilabu cha ulanzi, ugomvi wa kipuuzi ambao hata waliokuwepo hawakubaliani ulianzaje. Mahakama ilisema hakukusudia. Luka amekufa vilevile.

Mama yetu miguu imemkatalia, Mbeya hafiki tena. Safari ya mwisho alipika togwa, akaipakata kwenye dumu njia nzima, na getini wakamwambia vya nyumbani haviingii. Akainywa mwenyewe nje ya ukuta, taratibu, mpaka ikaisha. Aliniambia asingeweza kuirudisha, maana ilikuwa ya Festo.

Basi tuliposikia kuna mpango wa kujenga magereza mapya ili wafungwa wakae karibu na kwao, na kwamba kijiji chetu kimeombwa eneo, mama alianza kuimba jikoni. Nilikuwa nimeshasahau kwamba anaimba.

Mkutano wa kijiji ulikuwa jana. Maafisa wa wilaya walibandika ramani kwenye ukuta wa ofisi. Eneo lenyewe ni kile kilima tulichochungia mbuzi mimi, Festo na Luka. Ila kipande cha chini, wanapotaka iwe bustani ya kulimwa na wafungwa, ni shamba la mama Luka. Asipokubali, wanakwenda kutafuta kijiji kingine. Mwenyekiti akamwita asimame.

Tangu msiba ule mama yangu hachoti maji kwenye kisima cha jirani. Anashuka mtoni na miguu yake mibovu, asije akakutana na mama Luka na ndoo mkononi. Hakuna aliyemkataza. Anaona aibu, na nadhani ndiyo heshima pekee aliyobaki nayo ya kumpa. Kwa hiyo jana nilikuwa tayari kusikia chochote. Matusi pia ningeyapokea.

"Mimi wa kwangu ninaye karibu," mama Luka alisema, akionyesha kwa kidevu upande wa nyumbani kwake. Kaburi liko nyuma ya jiko. "Kila siku nafagia pale, naongea naye. Mama Festo na yeye aongee na wa kwake. Shamba chukueni."

Akanyoosha mkono kabla hata kura haijaitishwa. Mikono ikafuata, kijiji kizima.

Mama yangu hakunyoosha. Alikaa pale chini, mikono ndani ya kitenge. Nilipomshika kiwiko akaniambia kwa sauti ndogo, "Niache, mwanangu. Nitaunyoosha vipi mbele ya huyu?"

Na mimi sikunyoosha. Hili siwezi kumwambia mama, ndiyo maana naliandika hapa: naogopa Festo asipoletwa, na naogopa zaidi akiletwa.

Mkutano ulipoisha nilipanda kilimani peke yangu. Nikashuka hadi mpakani mwa lile shamba, nyuma ya nyumba ya mama Luka. Kaburi limepakwa chokaa, halifichwi na kitu, hata mgomba hakuna. Nikamwona mama Luka ametoka na ufagio, ameinama, anafagia. Midomo yake ilikuwa inacheza. Hakuniona. Niliondoka kinyumenyume.

Tangu hapo nausikia ule ufagio. Jirani yangu hapa akifagia uani nashtuka.

Kule Mbeya, Festo haoni kitu ila ukuta, na siku zote nimekuwa nikiihesabu hiyo kuwa ndiyo adhabu yake. Sasa namwona amevaa nguo za wafungwa, ameshika jembe, analima shamba la mama wa Luka, na yule mama yuko pale, anaongea na mwanawe.

Ijumaa napanda basi kwenda kumwona. Nitamwambia huenda akarudishwa karibu, karibu hata mama atafika kwa miguu yake. Atafurahi, namjua, atacheka kama zamani. Halafu ataniuliza wanajenga wapi.

Nitamjibu nini?