Baba Adela, Hukupona

Baba Adela,

Nimevunja ahadi. Naanza na hilo kabla hata ya salamu, maana wewe mwenyewe hukupenda mtu azungukezunguke. Yale uliyoniambia yabaki humu ndani kwetu nimeyasema, tena ofisini, mbele ya mgeni, na mama yako kakaa pembeni anasikiliza. Sikia kwanza ilivyokuwa. Kama ni kukasirika, ukasirike ukiwa umejua.

Tangu tukuzike, Adela amekuwa mgumu zaidi, au labda sasa ndiyo tunamwona. Ulipokuwepo ulimkinga bila mtu kujua. Wageni wakiingia, unamshika mkono mnatokea mlango wa nyuma kwenda migombani. Akikataa ndizi kwa sababu zimegusana na maharage, unampa sahani yako, maana yako nayo ilikuwa hivyohivyo, ndizi huku na maharage kule. Mimi nilikuwa nawacheka, nasema mtoto anadekezwa. Kumbe mlikuwa mnafahamiana.

Mwaka huu ameanza darasa la kwanza. Kengele ya shule yetu hapa Ntobeye ni rimu ya gari wanayoigonga kwa nondo, na kila ikigongwa anaziba masikio na kukimbilia barabarani. Mkubwa akipita haamkii. Akiulizwa swali, analirudia swali lenyewe. Lakini vijiji vyote vya njia ya kwenda mjini anavitaja kwa mpangilio, kwenda na kurudi, bila kuruka hata kimoja. Wenzake wanamwita kichaa. Anarudi nyumbani na jina hilo analirudia peke yake, kwa sauti zao, mmoja mmoja, mpaka namjua nani alisema. Siku hizo, Baba Adela, nilikulilia upya.

Mwalimu wake aliniita akanieleza taratibu kwamba Ngara mjini kuna wataalamu wanaopima watoto wa namna hii. Si kupima damu. Wanakaa na mtoto, wanacheza naye, wanamwuliza mzazi habari zake tangu tumboni.

Mama yako aliposikia, akasema dawa anaijua na wala haiko mjini. Alikuwa anamenya ndizi, hakuninyanyulia uso. "Baba yake alikuwa hivihivi. Tukampeleka Bisibo kwa mganga, akachanjwa, akapona." Yule mganga alishakufa, lakini mwanawe ndiye karithi mkoba, na mbuzi wa kupeleka mama alikwisha kumtenga. Makovu yale mawili nyuma ya masikio yako nilikuwa nikiyakwepa kwa wembe kila nikikunyoa. Nilijua yalitoka wapi, na nilijua kama ulipona au hukupona.

Tukapatana hivi: tuanze Ngara, naye aje asikie mwenyewe. Wakiwa na dawa, basi. Wasipokuwa nayo, Adela anakwenda Bisibo. Nilikubali haraka kwa sababu sikuwa na shaka kwamba watu waliosoma hivyo watakuwa na dawa.

Tulikwenda kwa pikipiki, Adela katikati, nimemfunga kitenge kichwani apunguziwe mlio. Tulipokelewa na dada mmoja mwenye sauti ya chini, na hilo tu lilinitoa wasiwasi kidogo. Alimpa mtoto mdoli amlishe uji. Adela akamgeuza, akaanza kukagua mshono wa mgongoni. Akaitwa jina lake kwa nyuma, hakugeuka. Mama akanong'ona kwamba mtoto hasikii. Pikipiki ikapita huko mbali barabarani, na kabla sisi hatujaisikia Adela alikwisha kuziba masikio. Yule dada akaandika.

Alisema inaelekea ni usonji, ila hawawezi kukata neno kwa siku moja, tumrudishe apimwe tena, na masikio yaangaliwe. Nikauliza dawa. Akasema ya kuuondoa usonji haipo. Mtoto amezaliwa hivyo, kazi iliyopo ni kumfundisha kwa njia yake na kumpunguzia yanayomuumiza. Mama yako akajifunga kanga vizuri kama mtu anayejiandaa kuondoka. Nikajua nimeshindwa.

Ndipo dada akauliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyekuwa hivi. Mama akamjibu kabla yangu, akasema yupo, baba yake, lakini yeye alipona.

Baba Adela, marehemu hasemwi. Nimelelewa hivyo na wewe umelelewa hivyo. Nikamtazama Adela, nikaona masikio yake madogo, ngozi ya nyuma laini haijaguswa na kitu. Nikasema hukupona.

Nikawaambia kwamba siku ya harusi yetu, vigelegele vilipozidi, ulipotea, nikakukuta stoo ya parokia umekaa sakafuni na suti yako, mikono masikioni, ukaniomba nisimwambie mtu. Nikawaambia kwamba kabla ya kikao chochote cha ukoo ulikuwa ukijizoeza salamu kwangu, shikamoo baba, habari za huko, za siku nyingi, unarudia mpaka sauti ikae sawa. Ukitoka msibani unalala kutwa kama mtu aliyelima shamba la watu wawili. Kijiji kiliona mwanamume mtaratibu. Mimi niliona mtu aliyekuwa akifanya kazi ambayo hakuna aliyejua kwamba ni kazi. Nililia nikisema hayo, na mama yako alikuwa anatazama mlango.

Tuliporudi nyumbani mama yako alikula kivyake, akalala kivyake. Nilijua nimekuvua nguo mbele ya aliyekuzaa, na hofu yangu ilikuwa kwamba atamchukua mtoto nikiwa shambani ampandishe pikipiki kwenda Bisibo. Nikawa naenda na Adela kila mahali, mpaka kisimani.

Baadaye alinikuta nachambua maharage, akakaa. Akaniambia kwa Kihangaza chetu, polepole, "Kwa hiyo alikuwa anavumilia tu." Nikasema ndiyo, mama. Akasema Adela asipelekwe Bisibo. Tarehe ya Ngara ikifika atatusindikiza.

Nilidhani yamekwisha. Akaniuliza tena kama uliwahi kunisimulia ile siku ulipochanjwa.

Uliwahi. Mara moja tu, Adela akiwa mchanga amelala kifuani pako. Ulisema wembe ulikwisha kuusahau, hata damu. Usichosahau ni mikono iliyokushika kichwa usitikisike, kwa sababu ilikuwa mikono ya mama yako.

Mama alikuwa ameiweka mapajani, mikono hiyohiyo, anasubiri jibu. Nikamwambia hapana, mama, hakunisimulia kitu.

Sijui kama aliniamini. Alichota maharage ungoni, akaanza kuchambua pamoja nami.

Pumzika sasa, mume wangu. Huko uliko nadhani hakuna anayekudai salamu. Nimetoa siri zako nyingi kwa siku moja, na nikirudi Ngara wakiniuliza nitazitoa zilizobaki, mtoto akizihitaji. Hiyo moja sitaitoa. Haitafika kwa wataalamu wala kwa Adela hata akiwa mtu mzima, na mama yako atazikwa bila kuisikia kinywani mwangu. Na kichwa cha binti yako, nikiwa hai, hakuna atakayekishika.

Mimi wako,
Mama Adela