Moyo wa Sajenti Lokwang

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Alhamisi mume wangu anapasuliwa tezi dume. Hatimaye! Amechoka na mpira wa mkojo. Mfuko wake anaufunga pajani, ndani ya suruali ya jeshi, ili vijana wa kambi wasimcheke. Anastaafu Desemba. Anataka kupiga gwaride la mwisho bila mfuko, basi.

Leo tumeonana na daktari wa usingizi, Syahuka. Kijana mpole. Akamuuliza Lokwang kama anapanda kilima bila kusimama kupumua. Sajenti wangu akakaza mgongo kitini — "Ndiyo, afande." Ngazi je? Ndiyo, afande. Kifua? Niko fiti, afande.

Fiti! Mtu anayesimama kila siku kwenye kilima cha bomba la maji, anainama, anajifanya anafunga kamba za buti. Kamba gani hizo, zinafunguka mahali palepale?

Daktari akaandika. Akasema basi, picha ya moyo haina haja. Mke wa askari hamkatizi mumewe mbele ya mkubwa. Lakini roho hainitulii.

Jumanne, 2 Septemba

Najua anavyofikiri. Jeshini ukisema umechoka unaitwa mtegaji. Ukiulizwa, jibu ni moja tu. Yule daktari hata awe amevaa ndala, kwa Lokwang ni afande.

Na mimi kumpita mume, niende kusema? Hapa kambini kufanya hivyo ni kushtaki. Jirani yangu Lillian kanishauri niache, wanaume hawasahau aibu. Labda. Lakini heri aninunie akiwa hai. Naogopa. Naogopa sana asije akalala pale mezani asiamke.

Jumatano, 3 Septemba

Nimekwenda. Nimemweleza daktari habari za buti. Hakucheka. Kasema si kila mgonjwa anapigwa picha ya moyo kabla ya kupasuliwa. Anayepanda kilima vizuri, picha ingemchelewesha bure. Lakini anayehema na sababu haijulikani, lazima moyo utazamwe kwanza. Ganzi atakayochomwa mgongoni inaweza kushusha presha ghafla, na kuna mioyo haihimili.

Akamwita Lokwang, akamsikiliza kifuani, muda mrefu. Kuna mvumo, sauti isiyo ya kawaida moyoni. Alhamisi imefutwa.

Tangu hapo Lokwang hanisemeshi. Chakula amekula, nyama yote! Kununa hakumzuii.

Ijumaa, 5 Septemba

Kasese mjini, kupiga eko — ndiyo hiyo picha ya moyo. Mpiga picha ni dada mmoja, Barbara. Kamlaza Lokwang ubavu, kampaka mafuta ya baridi kifuani. Lokwang kajikaza kama gogo.

"Mzee, legeza mabega," Barbara kamwambia. "Moyo yako haina haja ya kupiga saluti."

Nikauona kwenye kioo. Moyo wa mume wangu! Unapiga, unapiga, hauna cheo wala buti. Sikujua kama ningelia. Mle ndani kuna kilango kinafunguka kidogo tu, kama mlango wa stoo yetu ukivimba na mvua. Valvu imebana, kasema Barbara, mengine atasema daktari.

Lokwang alitazama kioo hadi mwisho. Akasema pole pole, unafanya kazi sana huu. Ndilo neno lake la kwanza tangu juzi, na hakuniambia mimi.

Jumatatu, 8 Septemba

Naandika hapa njiani, hospitalini.

Daktari kasoma majibu. Valvu imebana sana. Sasa anataka kujua jambo moja: Lokwang amewahi kuzimia? Kama ndiyo, mabingwa wa moyo wa Kampala kwanza, tezi baadaye, na mpira unabaki hata Desemba. Kama hapana, atawaza njia nyingine. Nikaona mkono wa Lokwang ukigusa paja, pale penye mfuko.

Nikafungua mdomo nimjibie kwamba hajawahi. Mimi si ningejua? Naishi naye.

Akavua kofia. Hakumtazama daktari. Akaniita jina langu, yeye ambaye tangu mtoto wa kwanza huniita Mama Okot.

"Ajok," akasema. "Mara mbili. Lindoni. Nilikuambia niliteleza."

Lile kovu kwenye nyusi! Jeraha lake nililisafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi, huku namtania kwamba anakunywa kazini.

Daktari anapiga simu Kampala. Katuambia tumngoje wodini, huko juu. Katikati ya mwinuko Lokwang kasimama. Nikangoja ainame kwenye buti. Hakuinama. Kanishika bega.

"Ngoja nipumue," kasema.

Tumekaa kwenye ukingo wa saruji. Kofia yake ninayo mimi. Wodi naiona pale juu, na hatujainuka bado.