Pua Hufa Kwanza

Jumatatu, 4 Februari 1957

Mwangi,

Nimepanga ngozi mbichi kiwandani tangu asubuhi. Zimeletwa nyingi kutoka Ukambani, chumvi imenikata vidole. Kabla ya kula nilijisugua ndimu mikononi, kama ulivyokuwa ukifanya. Harufu haikutoka. Haijawahi kutoka hata siku moja. Wewe ulikuwa ukijinusa na kusema imetoka.

Mchana nyapara Mutiso alituita uani. Serikali imetoa amri: hakuna mtu kushuka tena katika shimo la maji machafu kabla hatujafundishwa. Basi tutafundishwa kila jioni kabla ya kutawanyika. Shimo limefunikwa kwa mbao tangu mlipotoka, wewe na Omollo.

Nimeandika mlipotoka. Mlitolewa.

Jumanne, 5 Februari

Mwalimu wetu ni Gurdev, yule Kalasinga wa mitambo. Alisimama juu ya pipa. Ana sauti ndogo kuliko ndevu zake.

Alieleza hivi. Dawa ya kunyonyoa manyoya ni salama ikiwa peke yake, ukijilinda isikuunguze. Asidi nayo vivyo hivyo. Zikikutana huko chini ya shimo, hutoa hewa mbaya. Hewa hiyo inanuka mayai yaliyooza. Hayo sote tunayajua. Ambalo hatukulijua ni hili: ikizidi, hainuki tena. Si kwamba imeondoka. Pua ndiyo imekufa.

"Wewe napata harufu ya mayai, toka," alisema. "Wewe hapana pata harufu tena, kimbia! Pua nakufa kwanza. Nyuma yake, wewe."

Hakuna aliyecheka Kiswahili chake.

Nilikuwa nikikufikiria wewe na pua yako. Pale nyumbani Ruiru ulikuwa ukisimama mlangoni na kutaja kila nyumba inapika nini. Kwa Wairimu ni irio. Kwa mzee wa ng'ombe, ugali umeungua. Hukukosea. Siku ile Omollo alipoanguka chini, nilipofika shimoni waliokuwapo waliniambia ulichungulia, ukanusa, ukasema: "Hewa imekwisha, nashuka." Ukashuka.

Sasa najua ulinusa nini. Ulinusa hewa iliyokwisha kuiua pua yako.

Jumatano, 6 Februari

Leo ilikuwa kamba. Inapitishwa kwapani, inafungwa mgongoni. Mwisho wake unazungushwa kwenye nguzo ya chuma. Wawili hukaa juu wakiishika. Anayeshuka ni mmoja tu. Akianguka anavutwa. Hafuatwi, hata akiwa nani.

Karanja alijifunga kamba, akazunguka uani akilia mee, mee. "Haya, bei gani? Niangalieni meno!" Njuguna akamwambia mbuzi aliyekonda namna ile anapewa mtu bure. Watu walicheka mpaka Mutiso akacheka. Hata mimi.

Halafu Karanja akauliza, na sasa hakuwa na mchezo. "Bwana Gurdev, huyu Njuguna tumetahiriwa pamoja. Aanguke pale, mimi nisimame tu nikishika kamba? Nitaenda kumwambia nini mama yake?"

Watu wakaguna kukubali. Gurdev akanitazama mimi. Sikupenda.

Baadaye aliniita kando. Anataka nisimame mbele yao niseme juu yako. Kwamba Omollo alikufa kwa hewa, na wewe ulikufa kwa kumfuata. Kwamba kushuka kwako hakukumsaidia mtu. "Mimi nasema, wao nasikia Mhindi. Wewe nasema, wao nasikia ndugu."

Nilikataa. Nina hasira naye mpaka sasa ninapoandika.

Mama hana kitu kingine. Anapochuma kahawa, wanawake wakimpa pole, hujibu: mwanangu alimfuata mwenzake, hakumwacha. Hulisema akiwa amenyoosha mgongo. Mimi nikamwambie ulikufa bure?

Alhamisi, 7 Februari

Mfereji wa nyuma umeziba. Maji meusi yamefika mlango wa bohari. Mutiso ametangaza: shimo litafunguliwa Jumamosi. Njuguna atashuka kuzoa tope. Wa kushika kamba ni Karanja na mimi.

Karanja alinipiga bega. "Usiogope, Ndung'u. Kukiwa na shida nitaruka." Alisema hivyo kunituliza.

Gurdev alinitazama tena. Nikainama kufunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka.

Ijumaa, 8 Februari

Naogopa. Sina la kuongeza.

Jumamosi, 9 Februari

Mikono imefungwa vitambaa. Naandika vibaya.

Asubuhi walitoa mbao. Feni ilipuliza hewa ndani muda mrefu. Gurdev alishusha karatasi yake yenye dawa, ile inayogeuka nyeusi penye hewa mbaya. Ilirudi nyeupe. Njuguna akajifunga kamba, akamwambia Karanja amtunzie kofia, akashuka ngazi.

Alizoa ndoo za kwanza vizuri. Alikuwa akiimba. Kisha akatia sepetu kwenye tope la chini kabisa, lile lililokaa muda mrefu. Harufu ilipanda mara moja mpaka juu. Gurdev akapiga kelele atoke. Njuguna akashika ngazi. Wimbo ukakatika. Akaanguka.

Tulivuta. Kamba ikanasa kwenye ngazi. Karanja akatazama chini, akanusa.

"Hainuki tena," akasema. Akaiachia kamba.

Mwangi, nilikuona wewe. Sitaficha. Ule mgongo, ile haraka.

Uzito wote ulinijia, kamba ikanichuna viganja. Bahati ilikuwa imezungushwa kwenye nguzo, ikashika. Mutiso akaidaka. Mimi nikamrukia Karanja kiunoni, tukaanguka wote, mguu wake mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi. Ana nguvu. Alinipiga kiwiko cha mdomo. "Niache! Niache, we mwoga! Ulimwacha ndugu yako, unataka na mimi niwe kama wewe?"

Nikamkalia miguu. Nikasema yale niliyokataa kuyasema. Nililia kwa sauti, kiwanda chote kikasikia.

"Mwangi alikufa bure! Alinusa kama wewe ulivyonusa! Alikufa bure, Karanja! Shika kamba!"

Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa. Kisha akainuka, akashika kamba. Gurdev alitusogeza upande wa pili wa shimo, kamba ikachomoka kwenye ngazi, tukavuta. Njuguna akatoka, midomo ya bluu, macho wazi.

Tulimlaza kifudifudi mbali na shimo. Gurdev alimbonyeza mgongoni na kumwinua mikono, akabonyeza tena, kama alivyotufundisha. Karanja alikuwa amepiga magoti, kofia ya Njuguna mkononi, akisema Ngai, Ngai.

Njuguna alikohoa. Akatapika. Wamempeleka hospitali kwa gari la mwenye kiwanda.

Yuko hai. Na mimi nimekutukana mbele ya watu.

Jumatatu, 11 Februari

Njuguna ameomba uji. Shimo limefunikwa tena mpaka lipatikane bomba la kunyonya tope bila mtu kushuka. Gurdev ndiye aliyelidai.

Karanja hajasema neno nami. Wakati wa chakula aliweka nusu ya muhogo wake mbele yangu, akaenda zake.

Jumapili, 17 Februari

Nimepewa pasi ya kusafiri kwenda Ruiru. Karanja naye aliomba. Tulikwenda pamoja. Alibeba sukari.

Mama alikuwa nje akichambua maharagwe. Karanja alimsalimia kwa heshima, akakaa chini, akamwambia yote. Sikumtuma. Hakuficha hata lile neno nililolisema. Mwishoni akasema, "Mama, mguu wangu ulikuwa ndani. Nilisikia jina la Mwangi, ndipo nikasimama."

Mama aliendelea kuchambua. Alitupa mawe madogo kando, moja moja. Kisha akaniuliza mimi, si Karanja.

"Kamba hiyo, siku ya Mwangi ilikuwa wapi?"

"Haikuwapo, mama."

"Na hayo ya pua, alikuwa amefundishwa?"

"Hakuna aliyefundishwa."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakulia. Akamwambia Karanja asogee, asikae juani. Akatia sukari yake kwenye chai.

Jirani mmoja alikuwa anapika kitu. Sikuweza kujua ni nini. Nilijaribu kunusa kama wewe, nikashindwa, na mama akaniona, akacheka kidogo.

Nimekuombea leo. Huko uliko, Mwangi, unikumbuke.