Kituo Hewa Chenye Jina Langu

Kwako mshauri wetu mpendwa,

Nina wiki saba tu katika ndoa na bado nikimwona Zack wangu akivua gambuti mlangoni moyo unanidunda kama siku ya harusi, lakini nimechoka, nisaidie kabla sijaanza kumchukia. Zack huandika programu ya kompyuta ya kiwanda kimoja cha chai, ambamo kila kituo cha kununua majani kina aina yake, yaani kipande cha programu kinachokiwakilisha, na kila aina lazima itimize mkataba unaoitwa interface, yaani ijue kupokea majani, kuyapima na kutoa risiti, kisha programu ikiwashwa inatafuta yenyewe kila aina iliyotimiza mkataba na kuumba kituo, bila mtu kuorodhesha majina. Mimi kwa mapenzi nikamwambia, "Baby, niweke na mimi humo." Akacheka, akaandika aina ya majaribio akaiita Nyamusi, ikatimiza mkataba wote, nikambusu, naye akasahau kuiondoa. Jumatatu programu ikaumba kituo cha Nyamusi na kukipa lori la kituo cha Boito. Dereva alizunguka kutwa akiuliza, "Nyamusi ni wapi?" huku majani ya wakulima waliolingoja Boito yakigeuka mekundu magunini. Sasa Phelis, karani wa malori, amesimamishwa kazi eti ameunda kituo hewa, akarudishwa nyumbani saa nne asubuhi watoto wake wakiwapo, na Ijumaa anajitetea mbele ya meneja. Zack anasema, "Nyamaza mama, itapita," lakini hata ugali haumalizi. Nikisema, mume wangu atafutwa kazi, nikinyamaza, ni Phelis. Nifanyeje?

Nyamusi, Litein

Nyamusi,

Hongera, na pole. Nimechoka na barua za watu wanaojua jibu ila wanataka mwingine alitamke, lakini haya, nitalitamka. Kompyuta haijui mzaha. Iliambiwa iumbe kila kilichotimiza mkataba, ikaumba. Wewe uliomba kitu cha kitoto, lakini fundi ni yeye, na anayenyamaza ni yeye. Phelis hakumbusu mtu.

Leo mwambie Zack mnaenda kwa meneja. Abebe kompyuta, aonyeshe aina ile na tarehe aliyoiandika, kisha aiondoe hapo hapo. Majaribio yakae nje ya programu ya kazi, na kila inapowashwa ichapishe majina ya vituo ilivyoumba, karani ayasome kabla lori halijatoka. Akikataa, nenda peke yako. Atanuna, pengine atapewa barua ya onyo, pengine zaidi ya onyo. Mtavumilia, ndoa ndiyo hiyo.

Mkitoka huko mpitie kwa Phelis. Mwombeni msamaha mbele ya watoto wake, maana ndio waliomwona akirudi nyumbani saa nne asubuhi.